Tepe Mbili za Papa Mapasa

Tangu nirudi, hakuna anayekuja kuchukua gauni lake bila kwanza kuketi na kuniuliza kulitokea nini huko. Kwa kuwa gauni lenyewe halijashonwa, naona swali ni halali. Yule mama wa harusi hata haulizi, ananitazama tu. Basi nimeamua kuandika mara moja, mpitishiane, ili nami nipate kushona kwa amani. Ila nawaonya mapema, msitafute mtiririko mzuri. Mimi mwenyewe nilikuwa safarini, na nusu ya mambo sikuyaelewa mpaka yalipokwisha. Mengine siyaelewi hata leo.

Naviundu, kabla ya kuondoka

Wengi mnamjua jirani yangu Kyungu wa hapa Naviundu, yule tunayegawana naye bomba la maji na mafua ya watoto. Yeye huenda misa Jumapili, mimi huenda msikitini Ijumaa, na siku nyingine zote tunakaa pamoja. Kyungu ni pacha. Pacha wake, Kabwe, anaishi Kamina. Baba yao, mzee wa reli aliyekuwa akipiga simu za waya stesheni na baadaye akafundisha hesabu, hakuna anayemwita kwa jina lake. Kwetu hapa, ukizaa mapacha jina lako linakufa siku hiyohiyo. Yeye ni Papa Mapasa, baba wa mapacha.

Papa Mapasa ameanza kupotea. Simaanishi njia, maana hatoki nje ya uzio. Anapotea palepale alipoketi. Siku nyingine anamwita Kyungu kwa jina la marehemu mama yao. Siku nyingine anamsalimia kwa adabu kama mgeni, na hapo Kyungu huingia kwangu, hukaa nyuma ya cherehani na kulia.

Lakini jambo moja hakulisahau. Kila asubuhi, kabla ya chai, alikuwa anauliza, "Kile kintu, mulisha kukipata?"

Hicho kitu ndicho kilichonitoa nyumbani. Binti zake walipokuwa wadogo, mzee huyu alikuwa akiwachezesha mchezo wa hazina. Alificha karanga za kukaanga au kitambaa kipya, kisha akawaandikia mahali penyewe kwa maandishi ya siri ya watu wa zamani. Walipokuwa watu wazima, wenye waume na watoto, aliwafanyia mchezo wa mwisho. Kila mmoja alimpa mwiko wa kusongea bukari, ugali wetu, na utepe mrefu wa kitambaa cheupe wenye herufi zisizo na kichwa wala mguu. Alisema tepe zote mbili kwa pamoja zinaonyesha mahali, na kwamba safari hii hakuficha karanga. Mapacha walicheka, wakashukuru, wakaenda kupika. Maisha yakaendelea, na hazina ikabaki ilipo.

Sasa mzee mwenyewe hakumbuki alificha nini wala wapi. Anajua tu kwamba kuna kitu chake hakijapatikana, na jambo hilo linamtesa. Kyungu aliniambia wazi anachotaka: baba aone kitu chake kimepatikana, wakati bado anajua aliwafichia akina nani.

Alinionyesha namna ya kusoma, jinsi baba yao alivyomfundisha. Kulikuwa na watu wa kale wa Ugiriki, Wasparta, watu wa vita. Jemadari wao alizungusha utepe kwenye fimbo, mzunguko kando ya mzunguko, akaandika kufuata urefu wa fimbo, kisha akaufungua. Herufi zikatawanyika. Adui akiukamata haambulii kitu. Lakini mwenzake mwenye fimbo ya unene uleule akiuzungusha tena, maneno yanarudi mahali pake. Mimi nimeshona miaka mingi, utepe naujua, na nilielewa kwa haraka iliyonishangaza. Kisha Kyungu akazungusha utepe wake kwenye mpini wa mwiko wake, na tukasoma takataka.

Tukampigia Kabwe. Yeye naye alipata takataka. Ndipo Kyungu akasema huenda baba alizibadilisha kwa makusudi, utepe wa huyu unasomeka kwenye mwiko wa yule. Picha ya simu haina unene, na mwiko ukimpa abiria akuletee, utafika umekwisha kusonga bukari ya stesheni nne. Isitoshe Kabwe alikuwa ameanguka kwenye pikipiki na anatembea kwa gongo, hawezi kusafiri peke yake. Kyungu hawezi kumwacha mzee. Wote wawili wakanyamaza kwenye simu, na nikaona ukimya ule unanielekea mimi.

Lubumbashi mpaka Tenke

Treni ilikawia kuondoka, kisha ikaondoka ghafla wakati nusu ya watu wako nje wananunua kikanda, mkate ule wa karanga na viazi vya porini. Nami nilikuwa mmoja wao. Nilipanda ikiwa inatembea, kikanda mkononi, mwiko kwapani, na bwana mmoja akanivuta kwa mkono ule wenye kikanda. Kikanda hakikupona.

Tenke tulisimama. Kichwa cha treni kilikatwa, kikaenda zake, na kila aliyeulizwa kitarudi lini alijibu "ile saa" huku akiangalia upande mwingine. Watu wakashuka, wakawasha mbabula za makaa, wakaanza kuishi. Nami kwa kukosa kazi nikautoa utepe wa Kyungu na kuuzungusha tena kwenye mwiko, labda hewa ya Tenke itausaidia.

Hilo lilikuwa kosa. Nifikirieni: mama wa Kimaniema, kitambaa kichwani, tasbihi mkononi, ameketi peke yake anazungusha utepe wenye herufi kwenye mti huku midomo ikitembea. Nani angeamini kuwa si hirizi? Mama mmoja mwenye mtoto mchanga akaja akapiga magoti. Mtoto analia tangu Likasi, akasema, nimkatie kipande kidogo tu cha kumfunga kiunoni.

Nikamweleza. Nilianza na Ugiriki. Nilipofika kwa jemadari, niliona amekunja uso. Aliona ninamnyima. Waliokuwa karibu nao waliona hivyo, na yule bwana aliyenivuta mkono akahama na chungu chake cha maharagwe. Mchungaji mmoja wa kanisa la maombi akaomba ruhusa ya kuukemea mwiko. Nikampa. Aliukemea kwa bidii, jasho likamtoka, akanirudishia akisema sasa uko safi.

Kwa aibu nikachana ukingo wa mtandio wangu na kumpa yule mama. "Mama, hii haiko na kintu," nikamwambia. "Ni kitambaa tu."

"Njo munasemaka vile," akajibu, akamfunga mtoto, na mtoto akalala.

Sina maelezo. Nadhani alikuwa amechoka kulia. Lakini kabla ya jioni walikuja wengine, mmoja kwa ajili ya jino, mwingine kwa ajili ya mume, na mtandio wangu ukabaki wa kumfunika mdoli. Chungu cha maharagwe kilirudi. Nililishwa na behewa zima kwa sifa ambayo si yangu, na njaa ilinizuia kuikana kwa sauti kubwa.

Bukama

Bukama nilifurahi kwa sababu ya samaki. Nilikuwa nimekula maharagwe mpaka nimeanza kuyaota. Nikanunua samaki wa kukaanga, nikakaa kwenye gogo, na kabla sijatoa mwiba wa kwanza bwana mmoja mwenye miwani ya jua na fimbo akasimama mbele yangu. Hakusema ni wa ofisi gani, na kwa jinsi alivyosimama niliona si vizuri kumuuliza. Alikuwa amesikia kuna mama anasafiri na maandishi.

Akautaka utepe. Akausoma juu chini, chini juu. Akauliza ni lugha gani. Nikasema ni lugha yetu, ila imetawanywa. Akauliza nani ameitawanya, na kwa nini mtu mwema atawanye lugha. Nikarudi tena Ugiriki, maana sikuwa na njia nyingine.

"Aba Basparta," akasema, huku anaandika, "beko ba territoire gani?"

Nikasema hawana wilaya, walikufa zamani sana. Akaacha kuandika. Akasema basi ni mambo ya wafu, na hayo ndiyo mabaya zaidi. Nilitamani kucheka na kulia kwa wakati mmoja, kwa sababu treni ilikuwa imepiga honi, na samaki wangu alikuwa anapoa, na nikamfikiria Kyungu akiambiwa kwamba utepe wa baba yake umebaki Bukama kwa uchunguzi.

Ndipo nikachukua ukanda wa gazeti lililofunga samaki. Nikamwomba fimbo yake, nikauzungusha, nikamwambia aandike neno lolote. Aliandika kwa siri, amenigeuzia mgongo. Nikaufungua ukanda na kumpa mwenzake aliyekuwa karibu asome. Mwenzake akashindwa. Nikauzungusha tena kwenye fimbo, na mwenzake akasoma kwa sauti jina la mwanamke, akauliza huyo ni nani, maana mke wa bwana yule hakuwa na jina hilo.

Niliachiwa mara moja, na utepe nikarudishiwa. Nadhani nikiwa shahidi nilikuwa wa hatari kuliko nikiwa mpelelezi. Alinisindikiza mwenyewe mpaka mlangoni mwa behewa, na treni, ambayo ilikuwa imepiga honi kwa kujifurahisha tu, ikakaa palepale mpaka jua lilipoteremka.

Kamina

Kabwe alinipokea kwa gongo na kicheko. Sauti ni ya Kyungu, meno ni ya Kyungu, lakini hasira hana. Nadhani Kyungu alizichukua zote tumboni. Akanipikia bukari na sombe ya majani ya muhogo, akaniketisha kivulini, na sikungoja hata kunawa mikono. Nikamwambia alete mwiko.

Akauleta ukiwa bado na unga. Tukaufuta. Tukazungusha utepe wa Kyungu kwenye mwiko wa Kabwe, kisha utepe wa Kabwe kwenye mwiko wa Kyungu. Takataka, na takataka tena. Nikaiweka miiko miwili kando kando, nikaipima kwa uzi kama ninavyopima shingo ya gauni. Ilikuwa sawasawa kabisa.

Nikasema baba yenu alikuwa mwaminifu kwa mapacha wake, hakumpunja mmoja.

"Papa?" Kabwe akashangaa. "Hii haiko ya Papa. Ni Mama njo aliileta."

Nikauliza tena taratibu, kwa sababu nilihisi sakafu inasogea. Kabwe akanieleza bila wasiwasi wowote. Mwiko wake wa kwanza, ule wa baba, ulipasuka zamani. Mama yao alikuwa hai wakati huo. Sasa ninyi mnajua desturi: mapacha humpi mmoja ukamwacha mwenziwe. Ukimnunulia Kabwe mwiko mpya na Kyungu akabaki na wa zamani, umeita ugonjwa nyumbani. Kwa hiyo mama yao alinunua miwili mipya, fundi mmoja, mti mmoja. Wa Kyungu, ambao haukuwa na kosa lolote, akautia motoni pamoja na ule uliopasuka, ili walingane.

"Na Kyungu anayua?" nikauliza.

"Anayua. Alikuwako." Kisha akanitazama, na nikaona wazo linamfikia polepole, akaniita kama dada mkubwa. "Yaya, miye niliwaza mwiko ni mwiko. Yangu na yake biko sawa. Si njo ile Papa alitaka?"

Nilikasirika, kwa nini nifiche. Treni yote ile, maharagwe yale, mwiko kukemewa, mtandio kuisha, kwa ajili ya miiko iliyonunuliwa sokoni. Tukampigia Kyungu, naye akasema maneno yaleyale ya pacha wake, kwamba miiko ilibadilishwa yote miwili, kwa hiyo hakuna kilichobadilika. Nilijaribu kuwaeleza kwamba Wasparta hawakuwa na desturi hiyo. Kisha Kabwe akaanza kucheka, na Kyungu akacheka ndani ya simu, nami nikashindwa kushika hasira peke yangu.

Usiku ule hatukusema zaidi. Asubuhi, tukisubiri habari za treni, Kabwe alinifundisha mchezo mwingine wa baba yao. Huu ulikuwa wa jemadari wa Kirumi. Yeye hakuhitaji fimbo. Kila herufi aliisogeza hatua tatu mbele: A ikawa D, B ikawa E. Akaniandikia mchangani NDEZH, akaniambia hilo ndilo jina lake, na kwamba alipokuwa mtoto alidhani Warumi wote waliitwa hivyo. Kyungu alikuwa NBXQJX, na alilia siku nzima kwa sababu jina lake ndilo lililokuwa baya zaidi.

Alipomaliza kucheka aliuliza, "Papa ananitaja?"

Nikamwambia kweli, kwamba siku nyingine ndiyo, siku nyingine hapana. Akafuta mchanga kwa gongo. Akasema miiko au siyo miiko, yeye anakuja.

Kamina mpaka Lubumbashi

Safari ya kurudi tulikuwa wawili na tepe mbili, na mtaka cha mvunguni sharti ainame. Tuliinama. Tulizungusha tepe kwenye gongo la Kabwe, kwenye chupa ya chai, kwenye bomba la dirisha, kwenye muwa. Safari hii sikungoja watu wafikirie hirizi. Nilisimama na kutangaza kwamba tunatafuta mti wa unene fulani, na kwamba baba wa mapacha ndiye aliyeficha.

Neno mapacha lilifanya kazi kuliko Ugiriki. Behewa zima likageuka soko la miti. Walileta mwavuli, mchi, fimbo ya babu aliyekuwa amelala, mguu wa kiti. Kila mmoja alikuwa na hakika na mti wake na alinuna uliposhindwa. Mama mmoja alidai tunasoma vibaya, akasoma yeye, akapata kitu alichosema ni Kibemba. Wabemba waliokuwapo wakakataa.

Karibu na Lubudi, mkulima mmoja aliyekuwa kimya muda wote akachomoa mpini wa jembe lake na kutupatia bila neno. Kabwe akazungusha utepe wa Kyungu. Nilikuwa nimeshachoka kutazama. Nilipogeuka, kidole chake kilikuwa kinatembea juu ya mti na machozi yanamshuka.

NYUMA YA UKUTA WA MWISHO WA GOLF NJIA YA KARAVIA.

Watu walipiga vigelegele. Mtu aliyekuwa behewa la pili alikuja kuuliza nani amejifungua. Tukazungusha utepe wa Kabwe, na furaha ikakatika: MLZH, kisha mengine ya namna hiyo. Lakini Kabwe hakutishika. Alirudi nyuma hatua tatu tatu kwenye vidole vyake, kama mtu anayehesabu tasbihi, na MLZH ikawa JIWE. Jiwe la msalaba, chimba chini yake.

Mkulima hakutaka malipo. Alikubali mtandio mpya niliokuwa nimenunua Kamina, akautia mfukoni, akakaa na jembe lisilo na mpini mpaka alipoteremka.

Golf

Tulifika Lubumbashi, Kyungu akatupokea stesheni, na mapacha wakashikana kwa muda mrefu katikati ya njia ya mikokoteni. Mzee alikuwa ameachwa kwa binti yangu Zaina. Kabwe akasema kabla ya kumwona baba tukachimbe, ili amfikie na kitu mkononi. Tukaenda Golf, mtaa wa matajiri, moja kwa moja, na mizigo, na gongo, na mpini wa jembe.

Mzee alipita huko zamani akienda kuwafundisha hesabu watoto wa matajiri. Wakati huo, alivyowahi kumwambia Kyungu, ukuta wa mwisho ulikuwa wa mwisho kweli. Baada yake ni majani mpaka hoteli ya Karavia. Sasa nyuma ya ukuta kuna ukuta, na nyuma ya huo kuna mwingine. Tuliuliza ukuta wa mwisho uko wapi, na kila santineli, mlinzi wa geti, alituelekeza mbele.

Tulipofika penye mteremko ambao baba alimtajia Kyungu, palikuwa na villa nyeupe. Santineli alituona, wanawake watatu na mpini wa jembe, akafunga geti. Baadaye mwenye nyumba mwenyewe akatoka, mama wa makamo, akatusikiliza mpaka mwisho. Alituingiza ndani. Akatuonyesha ua wote, na wote ulikuwa vigae, na katikati bwawa la kuogelea. Alikumbuka mawe. Waliojenga waliyang'oa, na udongo ukachukuliwa kwa malori, wapi hajui.

Alitupa maji baridi tukayanywa tumesimama. Kyungu alitazama bwawa na kusema jambo moja tu: kama angeuzungusha utepe mwaka aliopewa, jiwe lingekuwapo. Kabwe akamwambia hata yeye.

Naviundu

Njiani Kyungu akasema tumdanganye. Tununue vikuku viwili vya shaba kwa mafundi, tuvitie kwenye kopo, tuseme ndicho hicho. Kabwe akasema baba yao si mtoto. Kyungu akajibu kwamba mtoto angekuwa nafuu, mtoto huuliza mara moja akasahau. Wakageuka kunitazama mimi. Nikasema tununue.

Kwa hiyo tuliingia uani na kopo la maziwa ya unga, limepakwa udongo kidogo. Papa Mapasa alikuwa kwenye kiti chake. Kyungu akalifungua mbele yake. Mzee akaingiza mkono, akavitoa vikuku, akavigeuza juani.

"Hii haiko yangu," akasema.

Kyungu akainama.

"Sikumbuke niliweka nini," mzee akaendelea, bila hasira. "Lakini hii ni ya leo. Inang'aa. Ni nani alificha?"

"Ni shiye, Papa," Kabwe akasema. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusema mbele ya baba tangu afike.

Mzee alimtazama huyo mwanamke mwenye gongo kwa muda, hakumjua. Lakini akacheka, kicheko cha mwalimu aliyeona kosa dogo la kurekebishika. "Mulicheza mubaya. Munafichaka kwanza. Kisha munaandika. Kisha munanipa utepe, na miye njo nitafuta." Akarudisha vikuku ndani ya kopo na kulisukuma kwetu. "Ficheni. Sitaangalia."

Na akafumba macho, mikono magotini, akangoja.

Tulisimama pale wajinga watatu. Kisha Kabwe akanipokonya utepe mpya niliokuwa nao kwa ajili ya kikunjo cha gauni la mtu, akauzungusha kwenye mpini wa jembe, akaandika. Kyungu akalificha kopo nyuma ya pipa la maji. Tukampa mzee utepe na mpini. Mikono yake haikuuliza kitu. Ilizungusha mzunguko kando ya mzunguko, ikakaza mwisho kwa kidole gumba, safi kuliko mimi ninavyofunga uzi.

Tangu siku ile ndivyo kila asubuhi. Haulizi tena kuhusu kitu chake. Anapewa utepe kabla ya chai, na kwa kuwa hakumbuki jana, kila siku anatafuta kweli na kila siku anapata. Nilipokwenda juzi kurudisha sufuria, alikuwa amemtazama Kabwe kwa heshima na kumwita mama, akamuuliza ni nani na ametoka wapi. Kabwe akaja na mpini. Alimpa utepe.

Mzee akazungusha. Nilisogea nyuma yake nione kilichoandikwa, kwa sababu nilidhani ni pipa, au mlango, au chini ya kiti. Alisoma polepole, kidole juu ya mti, herufi baada ya herufi: KABWE ALIKUYA. IKO MBELE YAKO.

Akainua kichwa. Akamtafuta kwa macho, akampata.

"Kabwe," akasema. "Ulifika siku gani?"

"Leo, Papa," Kabwe akamjibu.